Unyayo Sebuleni kwa Bi Sikuzani

Nchi yetu ina jina zuri, refu, lenye heshima, lakini mtanisamehe nisipolitaja. Jina lenyewe lilikodishwa mwaka juzi kwa kampuni ya kigeni inayotengeneza sabuni, na anayelitamka hadharani bila kibali anatozwa faini. Mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Nilisoma taarifa ya habari katika redio ya taifa mpaka nikastaafu, na sauti yangu haikutetereka hata siku niliyosoma kwamba mvua inanyesha vizuri nchi nzima huku vumbi likiniingia puani kutoka dirishani. Majirani wananiita Taarifa. Siwalaumu.

Sasa nataka kuwaeleza habari ya jirani yangu Bi Sikuzani, maana inazungumzwa vibaya vijiweni, na wapo wanaoitumia kuichafua Wizara ya Chini, wizara ambayo mimi binafsi haijanikosea kitu. Mpaka sasa.

Kwanza mfahamu tunavyoishi. Kwetu sisi, mtu akinunua nyumba anapata kila kitu kinachoonekana: kuta, paa, madirisha na mlango. Huyo tunamwita Mwenye Juu. Ardhi ambayo nyumba imesimama inabaki kuwa mali ya Mwenye Chini. Mwenye Chini hajawahi kuonekana. Wengine wanasema anaishi ng'ambo, wengine wanasema ni kampuni, na wengine wanasema alikwishafariki zamani ila hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia. Kila mwaka Mwenye Juu humlipa kodi ya ardhi, iwe shukrani kwamba nyumba haijaning'inia hewani.

Na kwa kuwa Mwenye Chini hafiki mwenyewe, humtuma Mkanyagaji. Hii ndiyo mila tunayoionea fahari kuliko zote. Kila nyumba lazima iwe na tundu katikati ya sebule, upana wake sawa na kiatu cha mtu mzima, bila saruji wala vigae, udongo mtupu. Hakuna mtu katika nchi yetu ambaye hajawahi kuteguka kifundo cha mguu nyumbani kwao. Ikifika Siku ya Unyayo, Mkanyagaji huingia, huvua kofia, hutia mguu wa kulia tunduni na kutamka, "Chini yupo." Mwenye nyumba hujibu, "Juu tupo," kisha humwekea kodi kiganjani. Unyayo hauruhusiwi kunyanyuka kabla kodi haijagusa kiganja. Mkanyagaji akinyanyua mguu mikono mitupu, sheria inahesabu kwamba Mwenye Chini ameitupa ardhi yake, na Mkanyagaji hupoteza kazi, kiinua mgongo na viatu.

Enzi zetu shughuli hiyo ilikwisha kabla chai haijapoa. Kodi ilikuwa lumbe mbili, bei ya mkate. Mkanyagaji alikanyaga, akalipwa, akala maandazi, akauliza hali ya watoto, akaenda nyumba ya pili. Tulimpenda. Wengine tulimpelekea soksi.

*

Bi Sikuzani alikuwa mshonaji wa sare za shule. Yeye na marehemu mumewe, Mzee Mbwelwa, fundi seremala, walinunua nyumba yao kwa mkopo wa benki, wakalipa mpaka senti ya mwisho, kisha Mzee Mbwelwa akasherehekea kwa kutengeneza mlango. Mlango wa mninga, wenye kitasa cha shaba na maua ya mkunde yaliyochongwa pembeni, kwa sababu mkewe alipenda mkunde. Alipoumaliza aliufungua na kuufunga mchana kutwa bila kwenda popote. Mwaka uliofuata alifariki. Bi Sikuzani aliupaka mlango ule mafuta kila Ijumaa.

Alikuwa na dada mmoja tu, Hidaya, aliyekuwa akiishi Mlimbani, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Hidaya aliugua kifua. Akapiga simu akasema, "Siku, njoo tukae wote. Usikawie lakini." Hidaya hakuwa mtu wa kuomba, kwa hiyo Bi Sikuzani alielewa. Akaamua kuiuza nyumba, atumie fedha hizo kumtibu dadake na kula naye siku zilizobaki.

Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa kijana mwalimu, Kassim Lukonge, mkewe mjamzito. Walikuja, wakaukagua mlango, mke akasema, "Mume wangu, hapa hapa." Bei wakaafikiana hapo hapo. Ilibaki benki tu kumpa Kassim mkopo wa nyumba, na kila mtu alijua kwamba hiyo ni kazi ya kupiga mihuri.

Bi Sikuzani akafungasha vitu vyote katika maboksi. Akabakiza sufuria moja, kijiko kimoja na kiti kimoja.

Sasa nyinyi hamjui inavyochosha kuishi jirani na mtu aliyefungasha. Kila gari likikata kona, anatoka. Kila simu ikilia, hata ya kwangu, anasimama. Akikaa kitini anainuka, akiinuka anahesabu maboksi, akimaliza anakuja kuniuliza kama nimesikia lolote, kana kwamba mimi bado ni redio. Mimi nami nikaambukizwa. Nikawa naamka na kuchungulia barabara, na sikuwa na safari yoyote.

*

Katikati ya kusubiri kule ndipo lilipotokea jambo la fahari kwa taifa. Kiongozi wetu Mkuu alitunukiwa shahada ya heshima ya udaktari wa meno.

Ilikuwa shahada yake ya tisa. Alikuwa nayo ya ufugaji nyuki, ya sheria, ya amani, ya amani tena kutoka chuo kingine, na nyingine ambazo zimenitoka. Sisi wananchi tulishangilia kwa moyo wote, ingawa kwa Wenye Juu furaha hiyo ilikuja na kijambo kidogo. Hati zetu zote za nyumba zina kifungu kisemacho kwamba kodi ya ardhi itaongezeka maradufu kila Kiongozi Mkuu atakapotunukiwa shahada ya heshima. Tuliposaini, Kiongozi wa wakati huo hakuwa amemaliza darasa la nne na wala hakuona aibu. Wanasheria walituambia kifungu hicho ni pambo.

Lumbe mbili, nne, nane. Chukueni kalamu mwendelee wenyewe. Shahada ya meno ilipotua, kodi ya ardhi ikawa lumbe elfu moja na ishirini na nne kwa mwaka. Pensheni ya Bi Sikuzani haikufika nusu ya hapo.

Lakini si hilo lililoleta maneno. Nchi yetu ina sheria nyingine, ya zamani, iliyotungwa kwa ajili ya mahoteli na maghala: kwamba mtu yeyote anayelipa zaidi ya lumbe elfu moja kwa mwaka kwa mahali anapokaa ni mpangaji, na mpangaji akichelewesha kodi miezi miwili anatolewa, nyumba inachukuliwa, na hakuna cha fidia wala cha kujadiliana. Waliotunga sheria ile hawakuota kwamba kodi ya kijiudongo cha sebuleni ingefika huko. Ilipofika, hakuna aliyeibadilisha, kwa sababu kamati ya kubadilisha sheria ilikuwa ng'ambo ikishuhudia shahada.

Jioni ile Waziri wa Chini alihutubia taifa. Niliisikiliza hotuba nikiwa nimesimama, na nilisikitika kwamba imesomwa redioni kwa niaba yake na kijana asiyejua kuvuta pumzi.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "kuna wachochezi wanaosema kwamba mmepoteza nyumba zenu. Huo ni uongo mtupu. Nyumba hazijaenda popote, nendeni mkaziangalie. Kilichotokea ni kwamba mmepandishwa cheo. Jana mlikuwa wenye nyumba wa kawaida, ambao wamejaa duniani kote. Leo nyinyi ni Wapangaji Watukufu. Anayelipa kodi ndogo ni raia mdogo. Anayelipa kodi kubwa ni raia mkubwa. Nawapongeza kwa kukua."

Bi Sikuzani aliisikiliza hotuba hiyo kwangu, maana redio yake ilikuwa ndani ya boksi. Ilipokwisha aliniuliza, "Taarifa, ina maana gani hiyo?"

Nikamwambia ni jambo jema. Akaenda kuhesabu maboksi.

*

Kassim alikuja keshokutwa yake, na hakukaa. Alisema benki imemwita, na wamemwomba mama aje pia. Nikafuatana nao, kwa sababu nilikuwa na hakika ni kutoelewana kudogo ambako sauti nzuri inaweza kukuondoa.

Benki ya Paa Salama ina viti laini sana. Tulipokelewa na bibi mmoja afisa wa mikopo, mwenye miwani, mpole, aliyetumiminia maji kila mtu kwa mkono wake.

"Mama, nyumba yako ni nzuri," alisema. "Mthamini wetu ameandika ukurasa mzima juu ya mlango."

"Ahsante. Basi mpeni huyu kijana mkopo wake."

"Tatizo ni kwamba nyumba si yako. Yaani ni yako, lakini unapanga ndani yake. Mpangaji akichelewa miezi miwili anatolewa, na Mwenye Chini anabaki na nyumba. Sisi tutakuwa tumemkopesha Kassim fedha, dhamana yetu ni nyumba, na nyumba haipo. Tutashika nini, mama?"

"Mimi sitachelewa," alisema Kassim. "Nimewaletea hati za mshahara."

"Najua hutachelewa. Lakini Kiongozi Mkuu amealikwa mwezi ujao na Chuo Kikuu cha Mifugo."

Sote watatu tukapiga makofi, kwa mazoea. Makofi yalipokwisha Kassim alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na mnunuzi mwenye fedha taslimu?" nikauliza mimi.

"Mwenye fedha taslimu hanunui upangaji, mzee wangu." Yule bibi akavua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya chini, "Hata nyumba yangu mimi benki hii haiikopeshi. Nilikuwa nataka kuhamia kwa mwanangu. Nimerudisha vyombo kabatini."

Tukatoka. Nje Kassim alisema, "Mama, nisamehe."

"Hujanikosea, mwanangu. Nenda kwa mkeo, asisimame sana."

Tuliporudi nyumbani nilitazamia kwamba Bi Sikuzani angefungua maboksi, angalau la masufuria. Hakufungua hata moja. Akakaa kwenye kile kiti kimoja, mkoba begani. Hakuweza kuuza, na hakuweza kuondoka bila kuuza, kwa sababu nauli na dawa za Hidaya zilikuwa ndani ya zile kuta. Na hakuweza kubaki, kwa sababu Siku ya Unyayo ilikuwa inakaribia na hana hizo lumbe elfu moja. Hidaya alipiga simu tena. Safari hii alikohoa zaidi kuliko alivyosema. Mimi nilikuwa dirishani kwangu na nilisikia yote, na iliniuma sana, nasema ukweli.

*

Kisha paa likaanza kuvuja. Lilivuja mahali pamoja tu, katikati ya sebule, juu ya lile tundu.

Bi Sikuzani alilitazama tone likianguka tunduni, likafuatiwa na jingine. Akaniita. "Taarifa, paa la mpangaji likivuja, nani analitengeneza?"

"Mwenye nyumba, bila shaka. Dunia nzima ndivyo ilivyo."

"Vaa viatu."

Wizara ya Chini iko ghorofa ya kumi na mbili. Tulimkuta Afisa wa Ufafanuzi, kijana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni. Bi Sikuzani alimsalimu vizuri, akamwambia, "Baba, mimi ni Mpangaji Mtukufu wa mtaa wa Kisokotwa. Paa linavuja. Naomba mnitumie fundi."

Kijana alicheka kidogo. "Mama, paa ni la Juu. Wewe ndiye mwenye nyumba. Litengeneze mwenyewe."

"Kumbe mimi ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiyo."

"Basi nipe barua nipeleke benki, wajue kwamba mimi si mpangaji."

"Hapana, mpangaji ni mpangaji. Sheria iko wazi."

"Basi nitumie fundi."

Kijana alitoa kalamu moja, akairudisha, akatoa nyingine. Akaingia ofisi ya ndani, tukasikia watu wakiulizana. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepata jibu. "Mama, ufafanuzi ni huu. Wakati wa kutengeneza, wewe ni mwenye nyumba. Wakati wa kuchelewa, wewe ni mpangaji."

Nilijikuta nimetikisa kichwa kwa kukubali. Lilikuwa jibu lililopangika vizuri sana.

"Na wakati nimelala?" aliuliza Bi Sikuzani.

"Nini?"

"Nikiwa nimelala sitengenezi wala sichelewi. Hapo ninakuwa nani?"

Yule kijana alichomoa kalamu ya tatu. Aliingia tena ndani, na safari hii mlango ulifungwa. Tukasubiri mpaka wafagiaji wakatuomba tunyanyue miguu. Mwishowe alitoka, shati limemtoka kwenye suruali, akasema kwamba suala la usingizi ni zito, na Waziri mwenyewe atalitolea mwongozo.

Na kweli aliutoa. Wasemao kwamba serikali yetu haisikilizi wananchi waje niwaonyeshe mwongozo ule. Ulisomwa redioni siku nne mfululizo: *Mtu yeyote atakayelala ndani ya nyumba usiku wa Siku ya Unyayo ndiye atakayehesabiwa kuwa mpangaji wa nyumba hiyo, pamoja na kodi yake yote, bila kujali cheo, umri wala maelezo.* Waziri alisema lengo ni kuwabana wajanja wanaojificha kwa shemeji zao.

Bi Sikuzani, aliyekuwa ameiazima redio yangu ili ausikie mwongozo, alinirudishia. Kwa mara ya kwanza tangu afungashe, aliketi kitini kwake bila mkoba begani. Na mimi, ambaye nilikuwa nimezoea kumsikia akizunguka, ukimya wake ulinitia wasiwasi kuliko maboksi yote.

*

Siku ya Unyayo ilikuja na mvua. Mtaa wetu ulikuwa wa Mkanyagaji Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa Zefania Makorongo, mtu mnene, mwenye sauti nzito na viatu vilivyong'aa hata kwenye matope. Nyumba ya Bi Sikuzani ilikuwa ya kwanza, yangu ya pili. Nilikwenda kushuhudia, kwa kuwa ni haki ya jirani na pia kwa sababu miguu ilikataa kukaa nyumbani.

Makorongo aliingia, akavua kofia, tone likamwangukia utosini. Akatazama juu, akatazama chini. Tundu lilikuwa limejaa uji wa tope. Lakini mila ni mila. Alitia mguu, ukazama mpaka shingoni mwa kiatu, akatamka, "Chini yupo."

"Juu tupo," alijibu Bi Sikuzani.

Makorongo akafungua kiganja. Tone likaanguka kiganjani.

"Mama mpangaji," alisema, "kodi."

"Sina, Mheshimiwa."

"Huna?"

"Sina. Ila sheria inanipa miezi miwili kabla hamjanitoa. Karibu ukae." Akamsogezea kile kiti.

Makorongo alikaa, mguu tunduni. Hakuwa na njia nyingine. Angenyanyua mguu angepoteza kazi, kiinua mgongo na viatu, na kiatu kimoja tayari kilikuwa kimeshikwa na tope. Alimtuma dereva wake wizarani kuomba maelekezo. Dereva alirudi na jibu kwamba taarifa imepokelewa.

Alasiri Kassim alikuja na gari la mizigo la mjomba wake. Ndipo nilipofahamu kwamba yote yalikuwa yamepangwa, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu habari ilikuwa imenipita. Walipakia maboksi. Boksi moja moja lilipita mbele ya Makorongo, naye aliyafuata kwa macho tu.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza.

"Kwa dada yangu, anaumwa."

"Utarudi usiku?"

"Usiku huu nitalala njiani."

Nilimwona akiwaza. Mwongozo alikuwa ameusikia redioni siku nne kama sisi sote, tena nadhani yeye ndiye aliyeubandika mbao za matangazo. Uliposhuka kichwani mwake, alijaribu kusimama, akakumbuka mguu, akakaa.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa nzito tena, "mimi nina watoto."

"Najua. Mmoja nilimshonea sare." Bi Sikuzani aliosha ile sufuria moja na kile kijiko kimoja, akaviweka karibu naye mahali anapofikia kwa mkono. "Sima inapikika humo. Ukilala, sogeza kiti kulia, paa halivuji upande huo."

Halafu alitoa bisibisi kutoka mfukoni, akaanza kufungua bawaba za mlango.

"Mlango nao unakwenda wapi?" Makorongo aliuliza.

"Mlango ni wa Juu, Mheshimiwa. Tundu la Chini nimekuachia."

Kassim alishika upande mmoja, mimi nikajikuta nimeshika mwingine. Ulikuwa mzito ajabu. Bi Sikuzani alitembea kando yake, kiganja juu ya yale maua ya mkunde, mpaka garini. Hapo ndipo alipogeuka akaitazama nyumba, kuta walizozipaka chokaa wao wawili, barazani alipokaa na cherehani, na pale penye uwazi ambapo mlango ulikuwa. Alilia. Hakuna haja ya kupamba. Alikuwa anaiacha nyumba aliyoilipia ujana wake wote, nauli yake ameazimwa na mwalimu aliyeshindwa kuinunua, na fedha za dawa hana. Nilitafuta neno la kumwambia, neno moja tu zuri kama yale niliyokuwa nikiyasoma. Sikulipata.

"Taarifa," aliniambia akipanda, "yule mtu mpelekee uji. Yeye pia ametumwa."

*

Makorongo alilala pale. Asubuhi alikuwa mpangaji.

Sasa wapo wanaomcheka, na mimi siwaungi mkono, kwa sababu msimamo wake kisheria ni mgumu na unastahili heshima. Ni Mkanyagaji, kwa hiyo lazima adai kodi. Ni mpangaji, kwa hiyo lazima ailipe. Hana lumbe elfu moja mfukoni, na hata angekuwa nazo, kanuni zinamkataza Mkanyagaji kujiwekea kodi kiganjani mwake, ni rushwa. Kwa hiyo anajidai na anajichelewesha. Kwa kuwa nyumba haina mlango, mtaa mzima unamwona. Watu wakipita wanasema, "Chini yupo?" naye, kwa mazoea ya kazi, anaitikia.

Miezi miwili inatimia wiki ijayo. Watoaji watakuja kumtoa. Anayewatuma watoaji ni yeye, na saini ya kuwaita tayari ameiweka, kwa sababu ni mtu wa kazi. Watoaji nao wameuliza watamtoaje mtu ambaye mguu wake hauruhusiwi kunyanyuka. Wizara imesema inaandaa mwongozo.

Uji ninampelekea. Jana alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee Taarifa, hebu niulizie benki. Kama atapatikana mnunuzi wa nyumba hii, watamkopesha?" Nilikwenda nikauliza. Yule bibi mwenye miwani alinimiminia maji, akavua miwani, akaifuta. Nilirudi nikamwambia Makorongo kwamba suala linashughulikiwa. Sauti yangu haikutetereka.

Kassim naye alipita jana kunisalimu. Alisema Hidaya bado yupo. Anakohoa, lakini anakula, na kuna siku anacheka. Bi Sikuzani amekodi cherehani, anashona sare za shule za Mlimbani ili wapate dawa. Mlango wameuegemeza ukutani ndani ya chumba, kwa sababu nyumba ya Hidaya ina mlango wake, na kila Ijumaa unapakwa mafuta. Nyumba ya Hidaya na yenyewe ina tundu. Wameweka maboksi juu yake.

Kesho Mkanyagaji mpya anaanza kazi katika mtaa wetu. Kwa kuwa aliyetangulia hakumaliza nyumba ya kwanza, ataanzia ya pili, yaani kwangu. Kiongozi Mkuu alirudi salama kutoka Chuo Kikuu cha Mifugo, na kodi sasa ni lumbe elfu mbili na arobaini na nane. Nimesema na ninarudia kwamba sina neno na Wizara. Mchana huu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nimezipaka mafuta bawaba za mlango wangu na kulegeza skrubu mbili tatu. Ni kwa ajili ya usafi tu.